Mkono Unaosimamisha Kinyama

Mgonjwa akiambiwa "tumechukua kinyama, subiri majibu," mawazo yake yote humwendea daktari. Daktari ndiye atakayesoma, ndiye atakayeandika jina la ugonjwa. Mimi namsifu mtu mwingine, ambaye mgonjwa huyo huenda asimwone maishani: fundi wa maabara ya histolojia, anayekitoa kinyama kwenye kichupa na kukifanya slaidi inayosomeka.

Kinyama chenyewe mara nyingi ni cha milimita chache tu. Kimetoka kwenye umio, kwenye utumbo, kwenye mlango wa kizazi, kwenye ngozi. Mahali ambapo mwili unakutana na vitu vya nje. Kote huko mwili umefunikwa na tishu ya epithelia, na kila mahali imejengwa kulingana na kazi yake. Katika vifuko vya hewa vya mapafu ni safu moja ya seli bapa, nyembamba mno, ili oksijeni ipenye upesi hadi kwenye damu. Katika utumbo mwembamba seli ni ndefu, zimesimama wima bega kwa bega, na hazidumu: ndani ya siku chache karibu zote zimekufa na nyingine zimeshika nafasi. Umio, unaopitisha ugali wa moto na mwiba wa samaki, una safu nyingi. Za juu hubanduka, za chini huzaa nyingine. Epithelia ya kibofu hutanuka mkojo ukijaa, kisha hurudi ilivyokuwa.

Ajabu ni kwamba tishu hii inayofanya kazi usiku na mchana haina mshipa wa damu ndani yake. Riziki yake hupanda kutoka chini, ikipenya utando mwembamba ambao seli za chini kabisa zimekaa juu yake. Huo ni utando wa msingi, na hapo ndipo kazi ya fundi inapopata uzito. Saratani nyingi za watu wazima huanzia kwenye epithelia. Seli mbaya zikiwa bado juu ya utando, hazijaifikia mishipa ya kuzisafirisha. Zikiuvuka, mambo hubadilika. Kwenye mlango wa kizazi, tofauti hiyo yaweza kuamua kama mama ataondolewa kipande kidogo arudi nyumbani, au ataanza safari ya upasuaji mkubwa na mionzi.

Ili daktari auone mpaka huo, kwanza kinyama kizuiwe kuoza. Kazi hiyo ni ya formalini. Daktari Ferdinand Blum wa Frankfurt aliijaribu kama dawa ya kuua vijidudu, akaona ngozi ya vidole vyake inakuwa ngumu; mwaka 1893 akatangaza kuwa inafaa kuhifadhi tishu. Epithelia ya vidole vyake mwenyewe ndiyo iliyomfundisha. Baada ya formalini, alkoholi huondoa maji, zailini huondoa alkoholi, kisha nta ya moto huingia pale palipokuwa na maji. Hayo mashine yaweza kuyafanya usiku kucha.

Asubuhi ni zamu ya mkono. Fundi anamimina nta kwenye kikalibu cha chuma, anakishika kinyama kwa koleo dogo lililopashwa moto, anakigeuza, anatafuta upande wenye epithelia, kisha anakisimamisha kwa ukingo wake. Ana sekunde chache kabla nta haijaganda. Kata kitunguu katikati, utaona tabaka zote. Kata kishavu cha pembeni, utapata gamba tu. Kinyama kilicholazwa vibaya hukatwa hivyo hivyo: seli zinaonekana tele, lakini utando hauonekani ulipo, na daktari hawezi kusema kama umevukwa. Hatua hii naiheshimu kuliko zote, na hakuna anayeiandika kwenye majibu.

Kukata nako kuna adabu yake. Bonge la nta hupozwa kwenye barafu, na katika miji ya joto hurudishwa huko tena na tena maana hulainika upesi. Kisha mikrotomu, mashine ya kukatia, hulikata vipande vya mikroni 4 hivi, milimita moja ikiwa na mikroni 1,000. Vinatoka vimeshikana kama utepe. Pumzi ya nguvu tu yaweza kuupeperusha. Fundi anaulaza juu ya maji ya uvuguvugu, mikunjo inajinyoosha, anaupokea kwa kioo. Mwisho ni rangi: hematoksilini, ambayo asili yake ni gogo la mti wa Amerika ya Kati, huzipa kokwa za seli zambarau, eosini huacha mengine yote ya waridi. Bila rangi hizo, chini ya hadubini pangeonekana karibu patupu.

Kwa hiyo ninyi mnaochukua vinyama, madaktari na wauguzi, msaidieni fundi huyu. Kitieni kinyama kwenye formalini papo hapo, iwe angalau mara 10 ya ujazo wake, na mwandike kwenye fomu kimetoka sehemu gani hasa. Kinyama kilichoachwa mezani kikakauka hakuna fundi atakayekirudisha, na mgonjwa atalazimika kukatwa tena.