Mita ya LUKU Ilivyobadilishiwa Ufunguo Pasipo Kufunguliwa

Katika nusu ya pili ya mwaka 2024, wakazi wa Musoma, Bunda na Butiama, kama wenzao wa Tanzania Bara nzima, waliponunua umeme walipewa na shirika la umeme, TANESCO, tokeni mbili za ziada zisizoongeza hata uniti moja, wakatakiwa waziingize katika mita kwa zamu kabla ya tarehe 24 Novemba. Aghalabu watu walibonyeza tarakimu zile wakaendelea na shughuli zao, ilhali mikononi mwao ilikuwa ikipita kazi ya uhandisi inayostahili taadhima.

Mita ya LUKU, yaani ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa, hufuata kanuni ya STS, iliyoasisiwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na baadaye kuandikwa katika kiwango cha kimataifa IEC 62055-41, nayo msingi wake ni kwamba mita haihitaji mnara wala mtandao, bali habari zote huzipokea kwa vidole vya mwenye nyumba. Tarakimu 20 za tokeni ni biti 66, ambazo mbili hutaja aina yake, na 64 zilizobaki, ikiwa ni tokeni ya umeme, hubeba kiasi cha uniti kwa biti 16, wakati wa kutolewa kwa biti 24, ukaguzi wa makosa kwa biti 16, na vitu vingine vidogo. Kisha hizo 64 zote hufumbwa kwa ufunguo wa mita moja tu, hata tokeni ya nyumba moja ya Bunda isifae kitu kwa jirani yake. Tokeni za kuijaribu mita hazifumbwi kabisa, ili fundi aikague kwa vitufe vile vile pasipo kuvunja lakiri.

Wakati huo wa kutolewa kwa tokeni ulikuwa ukihesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na mita hukumbuka tokeni ilizokwisha kupokea ili isidanganywe kwa tokeni moja mara mbili. Lakini biti 24 hazihesabu zaidi ya dakika 16,777,216, yaani karibu miaka 32, na hesabu hiyo ndiyo iliyojaa tarehe 24 Novemba 2024. Lau kumbukumbu ingefutwa na hesabu kuanzishwa upya huku ufunguo ukibaki ule ule, tokeni za zamani zilizotupwa zingekubaliwa tena, na shirika lingeibiwa kwa karatasi zake lenyewe. Kwa hiyo ilipasa ufunguo na hesabu vibadilike kwa tendo moja. Na kwa kuwa ufunguo wa biti 64 hauwezi kuenea ndani ya tokeni moja pamoja na maagizo yake, uligawanywa nusu mbili za biti 32, zote zikafumbwa kwa ufunguo wa zamani, mita ikaishika nusu ya kwanza hata ilipopata ya pili. Ufunguo wa zamani ulimdhamini mrithi wake, ukaondoka.

Katika kanuni ya awali, ufunguo wa kila mita hutolewa katika namba yake pamoja na siri ya shirika kwa njia ya ufumbaji iitwayo DES, uvumbuzi wa IBM uliopewa hataza ya Marekani namba 3,962,539 tarehe 8 Juni 1976, kwa jina la William Ehrsam na wenzake wanne.

Wapo watakaolaumu kwamba biti za wakati ziliwekwa chache. Mimi siafiki: biti nane zaidi zingerefusha tokeni kwa tarakimu tatu, na kila mnunuzi, hata mzee asiyeona vizuri, angezibonyeza kila anaponunua kwa miaka yote hiyo, ili kuepuka usumbufu wa siku moja. Waliochagua hivyo walichagua kwa hadhari, wakaacha na mlango wa kubadili ufunguo tangu mwanzo.

Nawasihi walimu wa vyuo vyetu vya ufundi waisomeshe kanuni hii tangu sasa, kwani hesabu mpya, inayoanzia tarehe 1 Januari 2014, itajaa tarehe 24 Novemba 2045.