Mchezo wa Maana za Kubuni

Upo mchezo wa kamusi ambao watu huucheza nyumbani, na siku hizi hata katika intaneti. Mmoja huteua neno lisilojulikana. Wenzake huandika kila mtu maana aliyoibuni. Naye huzichanganya na maana ya kweli, kisha huzisoma zote. Anayeitambua ya kweli hupata alama, na anayewadanganya wenziwe hupata pia. Huko Kanada mchezo wa namna hii ulitolewa mwaka 1984 kwa jina la Balderdash.

Je, una faida? Nilipowapa wanafunzi wangu neno “ngeu”, mmoja aliandika: “samaki mdogo wa miambani, mwenye miiba mgongoni.” Karibu darasa zima lilimsadiki. Uongo wake ulikuwa na sifa za fasili njema: ulianza kwa kutaja jamii ya kitu, ukaeleza kinachokitenga na vingine, wala haukurefuka. Somo hilo nisingaliweza kulifundisha vizuri zaidi ubaoni.

Lakini ila yake si ndogo. Juma lililofuata niliwauliza tena. Wengi walimkumbuka samaki. Wachache mno walikumbuka kwamba ngeu ni rangi nyekundu ambayo maseremala hutilia alama mbao. Mchezo ulimtuza mwongo, na neno la mafundi likasahauliwa.

Basi tusiuache, bali tuutimize: kila duru imalizike kwa kila mchezaji kutunga sentensi yenye maana ya kweli. Njia ya mwongo ni fupi. Mwisho wake na uwe neno la kweli.