Neno "Mauaji" na Wajibu wa Kuzuia

"Mauaji ya kimbari", jina litumikalo kwa habari za Rwanda za mwaka 1994, lina kasoro mbili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1948 walinda makundi ya taifa, kabila, mbari na dini. "Kimbari" laiacha dini nje. Tena, wataja matendo 5 yafanywayo kwa nia ya kuangamiza kundi. Kuua ni moja tu. Kasoro hii ya pili ndiyo kubwa. Katika hukumu ya mwaka 2007 juu ya Srebrenica, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba wajibu wa kuzuia huanza dola ijuapo, au ipaswapo kujua, kuwa hatari kubwa ipo. "Mauaji" humngojesha msomaji maiti. "Maangamizi" lingefaa zaidi.