Mlima Sainte-Victoire katika Nakala ya Chapa

Paul Cézanne alizaliwa Aix-en-Provence, kusini ya Ufaransa, mwaka 1839, akafa huko huko mwaka 1906. Mlima Sainte-Victoire, ambao kilele chake chapita kidogo mita 1,000, hakuchoka kuuchora. Picha tuitazamayo ni ile yenye msonobari mkubwa, ya yapata mwaka 1887, ambayo asili yake imo katika jumba la picha la Courtauld, London. Iliyo mbele yetu ni nakala iliyopigwa chapa kwa wino juu ya karatasi nene, nayo huuzwa kwa jina la kazi ya sanaa. Je, yastahili jina hilo?

Tuanze na picha yenyewe. Kushoto pana shina la msonobari, na matawi yake yametanda juu ya picha. Nyuma yake ni bonde la mto Arc, mashamba na nyumba chache, kwa kuume daraja la reli lenye matao, halafu mlima. Atazamaye upesi atasema mlima umesogea mno, na ya kuwa mchoraji hakujua kupima umbali. Sivyo. Tazama matawi: yafuata mstari wa mlima, yakipanda upandapo na kushuka ushukapo. Umbali wenyewe umefanywa kwa rangi, kijani na manjano karibu, samawati na waridi mbali. Tena waridi lile lile amelitia kati ya majani ya msonobari, hata mbali na karibu vikasukwa pamoja kama chane za ukili.

Hapa lugha yetu yatutega. Manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda, samawati ni ya mbingu. Kila rangi yaja na kitu chake. Mwalimu akisema ya kuwa mlima una waridi, mwanafunzi atatafuta ua. Lakini Cézanne azitenga rangi na vitu vyake, na hilo ndilo gumu kulieleza kuliko yote.

Nayo nakala? Asili yapata sentimita 67 kwa 92, na hii haifiki nusu yake. Hilo si neno. Ubaya ni kwamba kazi ya burashi imepotea. Katika asili mapigo yake yaonekana moja moja, yamelala sambamba. Hapa yote yamelainishwa kama ukuta uliopakwa chokaa. Samawati nayo imezidishwa, hata mlima wa mawe meupe ukawa kama wingu la mvua. Aliyeipiga chapa aliuona mlima, hakuziona rangi.

Mwaka 1895 picha hii ilipoonyeshwa Aix, wengi hawakuifahamu. Mshairi kijana, Joachim Gasquet, aliisifu, na Cézanne akampa. Watu wale waliikataa picha yenyewe. Mtu aikataaye leo kwa kuitazama nakala hii hajaiona bado. Kwa kufundishia mistari darasani yafaa sana, kwani matawi na mlima havikuharibika. Kwa rangi haifai, wala bei yake haipasi kuitwa ya kazi ya sanaa.