Udi Ufukizwao na Udi Upigwao

Katika lugha yetu neno moja, udi, limebeba vitu viwili ambavyo mgeni hawezi kudhani kuwa vina ujamaa: kipande cha mti wa manukato kitiwacho chetezoni juu ya makaa ili nyumba na nguo zinukie, na ala ya nyuzi yenye tumbo la mviringo na shingo fupi, ipakatwayo na fundi ili nyoyo zitulie. Waarabu, ambao neno ni lao, hawakukusudia zaidi ya kusema kuwa vyote viwili ni mti. Lakini mtu aliyelelewa Lamu, akapata kukaa usiku wa arusi katika kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba ya mawe, moshi wa chetezo ukipita baina ya watu na sauti ya nyuzi ikiufuata nyuma, hushindwa kuvitenga viwili hivi mpaka mwisho wa umri wake.

Katika wote waliopakata udi pwani hii, simjui aliyestahili zaidi jina la fundi kuliko Zein l'Abdin Ahmed Alamoody, mzaliwa wa Lamu, aliyeifanya kazi yake kubwa katika mji wa Mombasa na kufariki dunia 2016. Kabla ya udi kuenea, visiwa vyetu vilikuwa na kibangala, ala nyembamba ichongwayo kwa gogo moja na kuwambwa ngozi tumboni, jamaa wa gambusi la Yemen. Na mimi naamini kuwa mwenye kusikiliza kwa makini husikia katika upigaji wa Zein ule mwendo wa kale wa visiwani, hata pale ambapo ala mkononi mwake ni udi wa aina ipigwayo Kairo au Baghdad.

Udi hauna vigawanyo shingoni kama gita. Kidole cha mkono wa kushoto hakina alama ya kukionyesha mahali pa kukaa. Sikio ndilo liamualo, na katika maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, kama rasti na bayati zimo sauti zilizokaa baina ya sauti mbili za piano, ambazo kidole kikikosea kwa upana wa uzi, huharibika. Mkono wa kulia nao hushika risha, ambayo asili yake ni unyoya wa ndege mkubwa, ikashuka juu ya nyuzi zilizofungwa mbili mbili, isipokuwa ule mmoja mnene ulio peke yake. Kabla ya wimbo fundi hupiga taksimu: huanza chini, taratibu, kama mtu abishaye hodi katika nyumba aiheshimuyo, akapanda daraja kwa daraja akiionyesha maqamu yake, akasita, akarudi, mpaka nyumba nzima imenyamaza pasi na mtu kuambiwa nyamaza, ndipo aimbe.

Hapo ndipo nilipomstaajabia Zein kuliko popote. Shairi letu lina mizani kumi na sita katika mshororo, nane na nane, na vina viwili vya kufungia. Na mwimbaji mwenye pupa hukata neno katikati ili apate pumzi, msikilizaji akabaki na nusu ya maana mkononi. Zein alilivuta neno bila ya kulivunja. Alikipeleka kina mahali pake kama nahodha apelekavyo jahazi gatini, na udi, uliokuwa ukizungumza kwa wingi baina ya beti, ukawa mnyenyekevu mara tu maneno yalipoanza. Mombasa ya zama zake ilipenda sana mahadhi ya filamu za Kihindi, na mwimbaji Juma Bhalo aliyatumia kwa ustadi ambao hakuna wa kuukana. Zein aliichagua njia nyingine, ya kurejea kwa tungo za wazee na kuziimba kwa lahaja yao, nchi ikibaki nti na njia ikibaki ndia.

Katika jambo hilo hakuwa peke yake. Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa kijiji cha Matondoni kisiwani Lamu, mtunzi wa Sambo ya Kiwandeo na mhifadhi wa tungo za kale ambaye lugha inamshukuru kwa neno runinga, alikuwa sahibu wake katika kazi hii. Mmoja aliyahifadhi maneno, mwingine akayapa pumzi.

Nikiwafikiri wawili hao, fikra zangu huvuka bahari hadi Hungaria, kwa Béla Bartók, aliyezaliwa 1881, mpiga piano hodari wa Budapest, ambaye tangu 1906, pamoja na mwenziwe Zoltán Kodály, alizunguka vijijini na mashine ya kunasia sauti katika silinda za nta, akiwaomba wakulima wamwimbie nyimbo ambazo wakubwa wa mjini walizidharau. Alifika hata Biskra, Aljeria, 1913, na mwaka wa 1932 alihudhuria mkutano mkuu wa muziki wa Kiarabu mjini Kairo, akakaa na kuwasikiliza mafundi wa udi. Alifia ugenini, New York, 1945. Namheshimu kwa unyenyekevu wake. Ila yeye ilimlazimu kukiendea kijiji, na Zein alitoka nacho kinywani.

Siku moja nilichukua kanda ya nyimbo za Zein hadi Matondoni, nikaketi penye kivuli karibu na mzee mmoja aliyekuwa akichonga taruma la mashua. Tezo lilikwenda sawasawa, vipande vya mbao vikiruka, naye hakuonekana kusikiliza. Kisha katika ubeti wa tatu likapita neno moja la kale. Tezo likasimama hewani. Mzee akalikariri neno lile polepole, mara mbili, akaniambia kuwa mara ya mwisho kulisikia ni kwa bibi yake, naye ni mtoto, bibi huyo akimfukizia nguo za Idi. Akaliweka tezo mchangani, akaniomba niirudishe kanda nyuma. Niliirudisha mara tatu.