Wanga na Matumizi ya Nitrojeni kwa Ng'ombe wa Malishoni: Uhakiki wa Hoja
Hoja kwamba wanga huboresha matumizi ya nitrojeni kwa ng'ombe wa maziwa ina msingi. Malisho machanga ya New Zealand, yenye nyasi za raigrasi na klova, aghalabu huwa na protini ghafi inayozidi asilimia 20 ya maada kavu. Protini hiyo huvunjwa haraka tumboni kuwa amonia. Vijidudu vikikosa nishati ya kuitumia, ini huigeuza kuwa urea, ambayo hutoka kupitia mkojo, na nitrati itokanayo nayo huchafua maji ya ardhini.

Udhaifu wa hoja umo katika kubainisha sababu. Punje za mahindi zina protini ghafi ya takribani asilimia 9 tu, na ng'ombe anayelishwa mahindi hupunguza kula nyasi. Nitrojeni ya mkojo ikipungua, je, ni kwa sababu vijidudu vimeinasa amonia, au kwa sababu protini iliyoliwa imepungua? Jaribio lisilolinganisha wanga na chanzo kingine cha nishati, kama vile maganda ya soya, kwa kiwango kilekile cha protini, haliwezi kujibu swali hilo.

Aidha, uwiano wa nitrojeni ya maziwa kwa ile iliyoliwa hautoshi kuwa kipimo. Uwiano huo waweza kupanda huku mfugaji akiongeza ng'ombe kwa kila hekta, na mzigo unaoifikia ardhi usipungue.