Mully: Sauti Zilizoiokoa Filamu

Mwaka 1986, Charles Mulli aliegesha gari lake jijini Nairobi. Chokoraa walimwomba pesa ili walilinde, akawapita. Aliporudi, gari halikuwapo. Mfanyabiashara wa Eldoret aliyetajirika kwa kusafirisha abiria akalazimika kurudi nyumbani akiwa abiria.

Siku hiyo hapakuwa na mpiga picha. Hapakuwa na mpiga picha pia miaka ya hamsini, wazazi wake walipomwacha Ukambani akiwa mtoto mdogo wa kuombaomba, wala Novemba 1989, alipoamua kuachana na biashara na kuanza kuwaleta watoto wa mitaani nyumbani kwake Eldoret. Humo ndani tayari yeye na mkewe, Esther, walikuwa na watoto wanane wa kuwazaa. Scott Haze, mwigizaji wa Marekani aliyeongoza filamu ya Mully ya mwaka 2015, alikuwa na kisa kikubwa ambacho sehemu yake nzito haikuwahi kunaswa na kamera.

Alitumia njia mbili: kuyaigiza upya matukio ya zamani, na kuwaketisha wahusika wasimulie wenyewe.

Ile ya kwanza inanitia mashaka. Kuigiza si kosa. Mtoto anayelala njaa usiku hawezi kueleweka kwa picha mbili tatu za albamu. Shida ni kwamba maigizo yamepigwa kwa urembo uleule wa sinema, mwanga wa kuvutia na muziki unaokuambia lini ulie. Mtazamaji hapati alama ya kutosha ya kumwonyesha kwamba hapa anatazama kumbukumbu ya mtu mmoja, na pale anatazama jambo lililotokea mbele ya kamera. Kisa cha gari, kwa mfano, kinabebwa na kumbukumbu ya Mulli. Kingesimama imara zaidi kama angeachwa akisimulie tu, uso wake ukijaa kioo, kimya kikifanya kazi yake.

Njia ya pili ndiyo iliyoiokoa filamu, na sababu yake si Mulli. Ni watoto wake wa kuzaa, ambao sasa ni watu wazima. Wanaeleza ilivyokuwa kugawana chumba, chakula na hasa wazazi na watoto wasiowajua, ambao baba alikuwa ameanza kuwaita wanawe. Hawakuulizwa kama wako tayari. Esther naye alibebeshwa nyumba iliyofurika kabla hajapata muda wa kupumua.

Tazama kiufundi uzito wa uamuzi wa kuwapa watoto hao sauti. Mtu akisimulia wema wake mwenyewe, hata akiwa mkweli, hadithi huegemea kwenye ushuhuda wa kanisani. Lakini sauti ya mwana aliyeumia ikifumwa ndani ya simulizi la baba, gharama inaonekana, na wema unapata uzito kwa sababu tumeona ni nani mwingine aliyeulipia. Ningemshauri yeyote anayejifunza uhariri arudie sehemu hizo mara kadhaa, sauti ya muziki ikiwa imepunguzwa.

Wanaokosa nafasi ya kutosha ni wale watoto wengine. Familia ilizidi kukua, ikapata makao Ndalani, Yatta, na hesabu ya waliolelewa ikafika maelfu. Picha za umati wao zinasisimua, lakini umati hauwezi kutueleza mtoto anajisikiaje anapomwita mtu mmoja Baba pamoja na mamia ya wenzake. Nani anajua akiugua usiku? Nani anakumbuka asichopenda kula? Hilo si swali dogo Kenya ya leo. Mwaka 2022 serikali ilizindua mkakati wa miaka 10 wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha katika malezi ya familia. Filamu iliyotangulia mkakati huo kwa miaka 7 ilikuwa mahali hasa pa kulichunguza swali hilo, ikalipita mbio.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa watengenezaji filamu wa Eldoret. Waliolelewa katika nyumba ile ya kwanza ni watu wazima sasa. Mtafuteni mmoja aliye tayari, mweke kamera moja mbele yake, bila maigizo, na mumwache aseme kwa saa nzima.